Yu Yang na Siku Ile ya London

Leo tunataka kuwaeleza habari za mwanamke mmoja wa Uchina, jina lake Yu Yang. Alikuwa mchezaji wa mashindano, na sasa amekwisha kuacha. Wengi wenu hamjapata kulisikia jina hilo, wala si ajabu, maana mchezo wake haujulikani sana kwetu. Sisi wenyewe tulimjua siku ile watu walipomzomea mbele ya dunia nzima, na tangu siku ile tulifuata habari zake hadi mwisho wa kazi yake. Mtauliza: walimu wawili wa shule ya parokia, watu wa Kongo, wenye madaftari ya kusahihisha kila jioni, wanatafuta nini katika maisha ya mchezaji wa Uchina? Sababu tutaisema mbele kidogo. Si sababu ya kujivunia.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Kwa Kiswahili huitwa mpira wa vinyoya, na kwa jina lake la kigeni ni badmintoni. Kwa kweli hakuna mpira. Kuna kitu kidogo chenye kichwa cha kizibo, kilichochomekwa manyoya 16 ya bata bukini, na uzito wake wote ni gramu 5 hivi. Ndicho kinyoya. Katikati ya kiwanja umetandwa wavu, kimo chake pembeni ni meta 1.55. Wachezaji hukipiga kinyoya kwa raketi, kipite juu ya wavu, na upande ule ambao kinyoya kitaanguka chini ndio uliopoteza. Wanahesabu hadi 21, na mwenye kushinda mara mbili katika tatu ndiye aliyeshinda. Watoto wanaweza kuucheza uani. Lakini wakubwa wa mchezo huu wanakipiga kinyoya kwa nguvu hata macho hayakioni.

Yu Yang alikuwa mchezaji wa wawili wawili. Yaani wawili upande huu, wawili upande ule, katika kiwanja chenye urefu wa meta 13.40 na upana wa meta 6.10. Wakishambulia, mmoja anasimama mbele karibu na wavu na mwenzake nyuma. Wakishambuliwa, wanasimama bega kwa bega. Hawana nafasi ya kuitana wala kushauriana. Kila mmoja lazima ajue mwenzake yuko wapi bila kugeuka kumtazama. Padri mmoja tuliyemweleza jambo hili alicheka akasema kwamba hiyo ndiyo ndoa. Labda. Tofauti ni kwamba huko Uchina mchezaji hachagui mwenzi wake. Wakubwa wa timu ndio wanaopanga nani acheze na nani, na wakiona vema kuwatenganisha, huwatenganisha.

Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1986 huko Haicheng, katika mkoa wa Liaoning, kaskazini-mashariki ya Uchina. Katika nchi ile mtoto mwenye kipaji hutambuliwa mapema, hupelekwa katika shule ya michezo, kisha timu ya mkoa, na akizidi wenzake, timu ya taifa. Huko analala, huko anakula, huko anafundishwa asubuhi na jioni. Mchezo ndiyo kazi yake, na makocha ni kama wazazi wake wa pili. Asiyekumbuka jambo hili atamhukumu Yu Yang upesi mno.

Mwaka 2004, mjini Richmond katika nchi ya Kanada, alishinda mashindano ya dunia ya vijana. Mwenzi wake siku zile alikuwa msichana aitwaye Tian Qing. Tunawaomba mlishike jina hilo, maana litarudi.

Mwaka 2008 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Beijing, mji mkuu wa nchi yake. Sasa mwenzi wake alikuwa Du Jing. Tarehe 15 Agosti, mbele ya watu wa kwao, wawili hao waliwashinda Lee Hyo-jung na Lee Kyung-won wa Korea ya Kusini, 21 kwa 15 na 21 kwa 13, wakavikwa medali ya dhahabu. Katika Michezo ile ile Yu Yang alicheza pia na mwanamume, He Hanbin, akapata medali ya shaba. Alikuwa na umri wa miaka 22. Mwaka 2010, mjini Paris, yeye na Du Jing wakawa mabingwa wa dunia.

Halafu akapewa mwenzi mwingine, Wang Xiaoli. Hao wawili pamoja walikuwa hatari kweli. Mwezi wa Agosti 2011 mashindano ya dunia yalifanyika London, katika ukumbi uitwao Wembley Arena. Mchezo wa mwisho ulikuwa wa Wachina watupu: upande huu Yu Yang na Wang Xiaoli, upande wa pili Tian Qing, yule rafiki wa ujana, pamoja na Zhao Yunlei. Yu Yang na Wang walishinda. Tunataka jambo hili lieleweke vizuri. Katika ukumbi ule ule, mwaka mmoja tu kabla ya aibu, alisimama mbele ya Tian na Zhao, akacheza kwa nguvu zake zote, akashinda. Hakuwa na haja ya kumkimbia mtu yeyote.

Basi ikafika Olimpiki ya London, mwaka 2012, na badmintoni ikachezwa tena Wembley Arena. Zamani, katika Olimpiki, aliyeshindwa katika mchezo huu alikwenda zake nyumbani siku ile ile. Safari hii wakubwa wa mchezo walibadili utaratibu. Jozi 16 za wanawake ziligawanywa katika makundi manne, kila kundi jozi nne, na jozi mbili za kwanza za kila kundi ziliendelea mbele. Wazo lilikuwa zuri: hata wale wa nchi ndogo wacheze mara tatu, wasisafiri mbali kwa mchezo mmoja tu. Lakini katika shamba hilo zuri nyoka aliingia.

Jumanne tarehe 31 Julai, mapema, Tian Qing na Zhao Yunlei walishindwa na wanawake wa Denmark, Christinna Pedersen na Kamilla Rytter Juhl. Hakuna aliyelitazamia jambo hilo. Kwa hiyo Tian na Zhao wakawa wa pili katika kundi lao. Jioni yake Yu Yang na Wang walikuwa wacheze na Jung Kyung-eun na Kim Ha-na wa Korea ya Kusini. Jozi zote mbili zilikuwa zimekwisha kupata nafasi ya kuendelea. Walichobakiwa nacho ni kujua nani awe wa kwanza na nani awe wa pili. Sasa tazameni hesabu. Aliye wa kwanza angeweza kukutana na Tian na Zhao kabla ya mchezo wa mwisho. Aliye wa pili asingekutana nao ila katika mchezo wa mwisho. Kama Wachina wangekutana mapema, Uchina isingeweza kuchukua dhahabu na fedha zote mbili. Na Wakorea nao hawakutaka kukutana mapema na Wachina wale.

Hivyo jozi mbili ziliingia uwanjani, na kila moja ilitaka kushindwa.

Tuliona picha zake usiku katika televisheni ya mwenye duka kando ya barabara, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Hizo zilikuwa jozi hodari. Yu Yang na Wang walihesabiwa wa kwanza duniani. Nao walikuwa wakianza mchezo kwa kukipiga kinyoya kwenye wavu. Wakikipokea, wanakitupa nje ya mstari. Upande wa pili vivyo hivyo. Katika seti ya kwanza, mara ile kinyoya kilipokaa hewani muda mrefu kuliko zote, kilipigwa mara nne tu. Watazamaji, watu waliolipa fedha yao, walipiga miluzi na kuzomea. Mwamuzi mkuu aliingia kiwanjani akawaonya wote wanne. Hawakubadilika. Wakorea walipewa ushindi, 21 kwa 14 na 21 kwa 11. Ushindi gani huo! Baadaye jioni ile ile jozi nyingine ya Korea na jozi ya Indonesia walifanya mchezo wa namna hiyo hiyo, kwa hesabu za namna hiyo hiyo, maana mshindi wao angekutana na Yu Yang na Wang.

Watu waliokuwa dukani walicheka sana. Mmoja alisema, "Hata watoto wangu wanacheza vizuri kuliko hawa." Sisi wawili hatukucheka. Hatukutazamana hata. Tuliondoka kabla ya habari kwisha.

Hapa yatupasa kueleza habari yetu wenyewe. Mwaka 2006, katika likizo kubwa, parokia nane zilikutana kwa mashindano ya mpira wa miguu ya vijana. Sisi wawili ndio tuliokuwa wasimamizi wa timu ya parokia yetu. Makundi yalikuwa mawili. Tulishinda michezo miwili ya kwanza, tukawa na hakika ya kuendelea. Halafu tukasikia kwamba timu ya mjini, wale wenye viatu, imeteleza katika kundi lake na itakuwa ya pili. Maana yake ni kwamba tukiwa wa kwanza, tutapangwa nao. Jambo hilo hatukulijadili sana. Mmoja wetu alisema, mwingine akaitika. Tukawaita vijana chini ya mwembe, tukawaambia wasikimbie sana leo, waweke nguvu kwa ajili ya kesho. Kisha tukamwita mlinda mlango peke yake. Alikuwa na miaka 14. Tukamweleza waziwazi.

Aliachia mabao mawili. La pili lilipita polepole kando ya mguu wake, na kila mtu aliliona. Mama yake alikuwa amesimama pale, ametembea saa tatu na mtoto mgongoni ili kumwona mwanawe akicheza.

Jioni, waamini walipokuwa wakijipanga kanisani kwa kitubio, maana ilikuwa Jumamosi, kijana yule alitufuata. Akasema, "Mwalimu, je, niungame?" Tukamjibu kwamba ule ni mchezo tu, aende akapumzike. Siku iliyofuata tulicheza na timu nyingine, wala hatukuogopa, na tukatolewa. Hapakuwa na gazeti la kuandika habari zetu, wala mkubwa wa kutufukuza. Padri alitupa pole.

Ndiyo sababu hatukucheka pale dukani.

Turudi London. Kesho yake, tarehe 1 Agosti, Shirikisho la Dunia la Badmintoni liliwafukuza wachezaji wote wanane katika mashindano. Makosa yaliyotajwa yalikuwa mawili: hawakujitahidi kadiri ya uwezo wao kushinda, na mwenendo wao ulikuwa wa kuudhalilisha mchezo. Yu Yang, bingwa wa Beijing, akafunga mizigo yake. Alitoa maneno machungu katika intaneti, akiuaga mchezo na kusema kwamba hayo yalikuwa mashindano yake ya mwisho. Alilalamika pia kwamba walikuwa na majeraha, nao walitumia tu nafasi waliyopewa na kanuni. Baadaye aliomba radhi hadharani.

Nafasi za waliofukuzwa zilipewa wale waliokuwa wameshindwa katika makundi hayo: Warusi, Waaustralia, Wakanada, na dada zetu wawili wa Afrika ya Kusini, Michelle Edwards na Annari Viljoen. Hao hawakuwa na hesabu yoyote. Walicheza, wakashindwa, na wakaitwa tena. Waafrika wetu waliangushwa na Warusi, Valeria Sorokina na Nina Vislova, ambao mwishoni walipata medali ya shaba, medali ya kwanza ya nchi yao katika mchezo huu kwenye Olimpiki. Wakanada, Alex Bruce na Michelle Li, walikuwa wamepoteza michezo yao yote mitatu ya kundi. Wakaja kumaliza wa nne. Medali ya dhahabu walipewa Tian Qing na Zhao Yunlei. Kwa hiyo hata dhahabu ile ilikwenda Uchina bila msaada wa hila.

Sasa, je, Yu Yang alikuwa na haki kulalamika? Tumebishana juu ya jambo hili mara nyingi, sisi wawili, njiani kutoka shuleni. Mmoja wetu husema kanuni ilikuwa mbaya, na aliyeiandika ana sehemu yake ya kosa. Ni kweli. Ukiweka utaratibu ambao mtu anafaidika kwa kushindwa, usishangae akishindwa. Wakubwa wenyewe walikubali hivyo kwa matendo, maana kabla ya Olimpiki iliyofuata walibadili kanuni: wale wa pili katika makundi ya wawili wawili wapigiwe kura upya, mtu asijue mapema atakutana na nani. Mlango ukafungwa.

Lakini mwingine wetu husema: mlango ukiwa wazi, je, mwizi hana kosa? Wale wanne hawakusema uwongo kwa kinywa. Waliusema kwa mkono, kila walipokirusha kinyoya mahali walipojua hakitafika. Watazamaji walikuja kuona ukweli mmoja tu, nani hodari kuliko nani, nao wakanyimwa. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alichukua mfano wa wakimbiaji, na watu wale waliuelewa upesi, maana michezo ya Isthmia ilikuwa karibu na mji wao. Mfano ule haufai kitu kama wakimbiaji wanapatana nani asikimbie. Na tarehe 1 Juni 2018 idara ya Roma inayohusika na walei, familia na uhai ilitoa hati nzima juu ya michezo, na jina lenyewe la hati ile lahusu mtu kutoa kilicho bora ndani yake. Tuliposoma jina lile tulikumbuka kosa la kwanza katika hukumu ya London. Ni jambo lile lile limegeuzwa.

Lipo jambo lingine ambalo kwetu ni zito zaidi, nalo ni amri ya mkubwa. Kufanya hesabu za namna hii hakukuanza na Yu Yang. Katika Olimpiki ya Athens, mwaka 2004, mchezaji wa Uchina Zhou Mi alikutana na Mchina mwenzake Zhang Ning katika nusu ya mwisho. Kocha mkuu wa Uchina, Li Yongbo, baadaye alikubali mwenyewe katika televisheni ya nchi yake kwamba Zhou Mi aliambiwa asijitahidi sana, kwa kuwa walimwona Zhang Ning anafaa zaidi kwa mchezo wa mwisho. Zhang Ning akapata dhahabu. Hakuna aliyefukuzwa. Mtu aliyekulia katika nyumba yenye mazoea hayo, je, atajua saa ngapi kwamba mazoea hayo ni maovu?

Sisi Wakatoliki tunalipenda sana neno la utii, tena kwa haki. Tunawafundisha watoto kutii wazazi, walimu, mapadri. Lakini je, tunawafundisha pia kwamba mkubwa hana ruhusa ya kuagiza uwongo? Mtoto wa miaka 14 aliwaza jambo hilo mwenyewe, bila kufundishwa nasi, na sisi tuliokuwa na katekisimu mkononi tulimwambia akapumzike. Kule London kocha Li Yongbo angalau aliomba radhi mbele ya waandishi wa habari, akasema kwamba yeye kama mkuu alikuwa na deni kwa watu. Wengine walisema hayo ni maneno tu. Inawezekana. Lakini sisi hata maneno hayo tulikuwa hatujayasema.

Yu Yang hakuacha mchezo kama alivyotangaza. Kabla ya mwaka 2012 kwisha alikuwa uwanjani tena pamoja na Wang Xiaoli. Fikirini siku ile ya kwanza ya kurudi. Kila kinyoya alichopoteza watu walikuwa na sababu ya kunong'ona. Mchezaji mwingine akikosea, amekosea. Yeye akikosea, watu wanatazamana. Hilo ndilo tulilotaka kuona: mtu aliyedanganya mbele ya wote anaishije baadaye mbele ya watu wale wale? Hakuna njia ya mkato. Ni kucheza tu, siku baada ya siku, mpaka watu wachoke kunong'ona.

Mwezi wa Agosti 2013, mjini Guangzhou, yeye na Wang wakawa mabingwa wa dunia tena. Walipambana na Wakorea, Eom Hye-won na Jang Ye-na, wakashinda ya kwanza 21 kwa 14, wakapoteza ya pili 18 kwa 21, wakashinda ya tatu 21 kwa 8. Huo ulikuwa ubingwa wake wa tatu wa dunia katika mchezo wa wawili wanawake.

Mwaka uliofuata, 2014, mashindano yalikuwa Copenhagen. Mchezo wa mwisho ulikutanisha nani na nani? Yu Yang na Wang Xiaoli upande mmoja, Tian Qing na Zhao Yunlei upande wa pili. Wale wale ambao London alikubali aibu ili asikutane nao mapema. Safari hii walichezeana hadi mwisho, na Tian na Zhao walishinda, 21 kwa 19 na 21 kwa 15. Tulifurahi kwa matokeo yale kuliko kwa ubingwa wa Guangzhou. Mtu hawezi kuwaeleza wengine kwa nini anafurahi mchezaji wake aliposhindwa, na wenzetu shuleni walituona wajinga.

Kisha ikaja Olimpiki ya Rio de Janeiro, mwaka 2016. Yu Yang alikuwa na miaka 30, na katika mchezo wa mbio kama huu hiyo si miaka michache. Wang Xiaoli hakuwa naye tena. Mwenzi wake mpya alikuwa Tang Yuanting, mdogo wake kwa miaka mingi. Uchina ilikuwa imechukua dhahabu ya wanawake wawili wawili mara tano mfululizo, tangu mwaka 1996. Mzigo huo wote uliwekwa mabegani mwao.

Walifika nusu ya mwisho. Na waliokuwa wakiwangoja hapo ni Pedersen na Rytter Juhl wa Denmark, wale wanawake ambao ushindi wao wa tarehe 31 Julai 2012 ndio uliovuruga hesabu za Wachina. Wadenmark walishinda. Ikabaki medali ya shaba, na tarehe 18 Agosti Yu Yang aliingia kucheza na Wakorea wawili. Mmoja alikuwa Shin Seung-chan. Mwingine alikuwa Jung Kyung-eun, yule yule aliyesimama ng'ambo ya wavu jioni ile ya Wembley, wakati kila mmoja wao alipokuwa akitafuta namna ya kupoteza.

Miaka minne ilikuwa imepita. Sasa wote wawili walitaka kitu kimoja. Jung na mwenzake walishinda 21 kwa 8. Katika ya pili Yu Yang na Tang walikaza, wakafika 17, lakini hazikutosha. Wakorea wakachukua shaba. Yu Yang akamaliza wa nne, mikono mitupu, na Uchina ikatoka Rio bila medali yoyote ya wanawake wawili wawili, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu badmintoni iingizwe rasmi katika Olimpiki mwaka 1992. Baada ya Rio akaacha mashindano makubwa.

Magazeti mengi yaliandika juu ya washindi, yaani Wajapani Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi, na ndivyo inavyostahili. Sisi tuliisoma ile namba, 21 kwa 17, mara nyingi. Kwa mikono ile ile na mbele ya mwanamke yule yule, Yu Yang alipata 11 na 14 alipokuwa akikimbia ushindi, na 8 na 17 alipokuwa akiutafuta kwa jasho. Ukizijumlisha ni 25 na 25.

Tuongeze habari moja tu ya wale wanane. Greysia Polii wa Indonesia, naye aliyefukuzwa London, aliendelea kucheza mpaka akawa na miaka karibu 34. Tarehe 2 Agosti 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, yeye na Apriyani Rahayu waliwashinda Chen Qingchen na Jia Yifan wa Uchina, wakaipa Indonesia dhahabu yake ya kwanza katika mchezo wa wanawake wawili wawili. Yu Yang hakuipata siku kama hiyo. Si kila anayerudi hupewa.

Wiki moja baada ya Rio, mwezi ule wa Agosti 2016, tulikwenda kumtafuta mlinda mlango wetu. Alikuwa seremala sasa, ana mke na mtoto mmoja, na karakana yake iko nyuma ya soko. Alituletea viti viwili alivyovitengeneza mwenyewe. Tulianza kwa kumweleza habari za Yu Yang tangu mwanzo, kama tulivyowaeleza ninyi, na yeye alisikiliza huku akiranda ubao. Tulipofika kwenye sehemu yetu, sauti ilitupotea kidogo. Tukamwambia kwamba siku ile aliuliza swali nasi hatukulijibu, na kwamba tumekuja kumwomba radhi, miaka kumi imechelewa.

Alisimamisha randa. Akasema, "Walimu wangu, mimi niliungama jioni ile ile. Nilipotoka kwenu nilirudi kwenye mstari. Nilimwambia Padri kwamba nimeachia mabao. Sikumwambia ni nani aliyeniagiza."

Akampigia mkewe kelele atuletee chai, akaendelea kuranda.